Silsila ya Waliohitilafiana

Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alipofariki mwaka 1888, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui alikuwa kifungoni. Hakuwa ameiba wala kumwaga damu. Alikuwa mwanazuoni wa Kishafi mwenye ulimi mkali na kalamu kali zaidi, na alikuwa amesomesha na kuandika mambo yaliyomkera mtawala aliyekuwa Muibadhi. Sayyid Khalifa bin Said, aliyerithi kiti cha nduguye, akamwachia huru. Sheikh akarudi Mombasa, akaishi miaka michache, akafariki mwaka 1894 na kuacha mtoto wa miaka mitatu aliyeitwa Al-Amin.

Naanza na kifungo hicho kwa makusudi. Uislamu wa pwani yetu husimuliwa mara nyingi kana kwamba watu wake walizaliwa wapole, na dini yao ikalainika yenyewe kwa pepo za kusi na kaskazi. Simulizi hiyo ni tamu lakini haina watu ndani yake. Pwani ilikuwa na ugomvi wa madhehebu, wa nasaba, wa tarika na wa madaraka kama mahali pengine popote. Msimamo wa wastani tunaousifu leo ulijengwa na watu wenye majina, kwa kazi ya miaka, na baadhi yao waliulipia.

Ukoo wa Mazrui wenyewe ulikuwa na sababu zote za kuweka kinyongo. Walitawala Mombasa hadi mwaka 1837, Seyyid Said, baba yake Barghash, alipoushika mji, akawakamata wakubwa wao na kuwapeleka Bandar Abbas, wasionekane tena. Karibu miaka 60 baadaye, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa tawi la Gazi aliingia vitani na Waingereza, akashindwa, na mwaka 1896 akavuka mpaka kujisalimisha kwa Wajerumani. Mtoto Al-Amin alikuwa na miaka mitano tu. Alikulia katika nyumba iliyopoteza dola, ikapoteza vita, ikabaki na vitabu. Mlezi wake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, alikuwa kadhi, na alipomwona kijana ana akili ya elimu alimfungulia njia ya kwenda Unguja.

Unguja ya wakati huo ilikuwa chuo kisicho na ukuta. Barghash, pamoja na ukali wake, alikuwa ameleta mtambo wa kupiga chapa vitabu vya Kiarabu, hasa vya Kiibadhi. Wanafunzi walikuja kutoka Ngazija, Lamu, Barawa na Mrima, wakiwafuata mabwana wawili: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait na Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir.

Sayyid Ahmad alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, baba yake akiwa sharifu mwenye asili ya Shibam, Hadhramaut. Ujanani alikuwa baharini na jahazi kabla ya kuzama katika elimu. Barghash alimfanya kadhi akiwa bado kijana, kisha wakakorofishana, na Sayyid Ahmad akaondoka. Alifika Istanbul, akakaa na Sayyid Fadl bin Alawi, sharifu wa Malabar aliyekuwa na nafasi kubwa kwa Sultani Abdulhamid. Barghash alipokufa akarudi Unguja, akarejeshwa kwenye ukadhi, na kazi hiyo akaishika mpaka kufa kwake mwaka 1925. Mtu aliyewahi kuukimbia mji kwa hasira ya mtawala angeweza kurudi na kisasi. Yeye alirudi na vitabu, akaketi kuhukumu mirathi na talaka za watu.

Sheikh Abdallah Bakathir alikuwa mtu wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa karibu rika moja na Sayyid Ahmad, lakini alimchukulia kuwa mwalimu wake na hakuona haya kuketi mbele yake. Alikwenda Makka, na katika miaka ya 1890 akafanya safari ndefu Hadhramaut na kuiandikia kitabu kwa Kiarabu. Alipotulia Unguja alifungua madrasa yake katika mtaa wa Ukutani, na kuanzia hapo ni vigumu kumpata mwanazuoni mkubwa wa Kishafi wa pwani asiyepitia kwake, au kwa mwanafunzi wake.

Ndani ya darsa zile mlikuwa na nini? Hapa pana jambo ambalo naamini ndilo kiini cha yote. Kitabu kikubwa cha fiqhi kilichosomwa na Mashafi wa pwani ni Minhaj at-Talibin cha Imam Nawawi, mwanazuoni wa Sham wa karne ya 13. Mwanafunzi husoma sentensi ya Kiarabu kwa sauti, sheikh humsimamisha, humrekebisha irabu, kisha huifafanua kwa Kiswahili, na waliobaki hufuatilia nakala zao na kuandika pembezoni. Ukurasa mmoja unaweza kula asubuhi nzima. Kabla ya kufika kwenye udhu na sala, msomaji hukutana na utangulizi unaomfundisha namna ya kuusoma ubishi. Nawawi akiandika al-adh'har, anamaanisha kwamba Imam Shafi mwenyewe ana kauli zaidi ya moja katika suala hilo, na ile isiyochaguliwa nayo ina nguvu. Akiandika al-mash'hur, kauli iliyoachwa ni dhaifu. Al-asahh na as-sahih hufanya kazi hiyo hiyo pale wanaohitilafiana ni wafuasi wa Shafi. Kwa hiyo kila hukumu inafika ikiwa imebeba mizani yake: hii ndiyo tunayoifuata, lakini aliyeshika ile nyingine hakutoka katika dini, wala si mjinga.

Kijana akishinda miaka katika kitabu cha namna hiyo, hujengeka tabia ambayo hotuba haiwezi kuijenga. Hujua kwamba hata imamu wake alibadili rai, kwamba alichosema akiwa Baghdad sicho alichosema alipohamia Misri. Ulimi wake huwa mzito kumkufurisha mtu.

Tabia hiyo ilipata mtihani wake mkubwa katika jirani wa karibu kabisa. Wafalme wa Unguja walikuwa Maibadhi, raia wao wengi Mashafi. Muibadhi huswali mikono ameiachia ubavuni, hainui mikono katika takbiri, wala haitikii amina baada ya Fatiha. Mshafi hufunga mikono kifuani, hunyanyua, huitikia kwa sauti, na alfajiri husoma kunuti. Mambo haya yanaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio kila siku, na penye nia mbaya yangetosha kuugawa mji. Serikali iliweka makadhi wa pande zote mbili. Kwa upande wa Maibadhi, kadhi katika zama za Sayyid Ahmad alikuwa Sheikh Ali bin Muhammad al-Mundhiri, aliyezaliwa mwaka 1866. Wawili hao walihukumu katika mji mmoja, wakijua vyema walipotofautiana katika masuala mazito ya itikadi, likiwemo la kama Mungu ataonekana akhera, ambalo Muibadhi hulikana na Msuni hulithibitisha. Walitofautiana hivyo hadi walipoaga dunia, wote katika mwaka 1925, mwaka huo huo uliomchukua Sheikh Abdallah Bakathir.

Al-Mundhiri ana tukio jingine la kukumbukwa. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamejenga kanisa lao Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, na walikuwa wakisambaza maandishi ya kuupinga Uislamu. Mwaka 1891, akiwa kijana wa miaka 25 hivi, al-Mundhiri aliandika risala ya kuwajibu. Alijibu hoja kwa hoja, akizipitia Injili zenyewe. Hatua hiyo inaonekana ya kawaida leo, lakini tuikumbuke hali: mwaka uliotangulia Unguja ilikuwa imewekwa chini ya himaya ya Uingereza, na hasira mjini hazikukosekana. Waliotaka kuzigeuza hasira hizo ziwe vurugu za dini hawakuipata fatwa yao kwake.

Sifa za wanazuoni hao zilivuka bahari. Waislamu wa Cape Town walikuwa na ugomvi wa miaka mingi kuhusu sala ya Ijumaa. Katika fiqhi ya Kishafi, Ijumaa huhitaji wakazi 40, na Ijumaa nyingi katika mji mmoja bila dharura huzua shaka: ipi ni sahihi, na nani arudie adhuhuri? Misikiti ikagawanyika, na ugomvi ukaendelea. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Sheikh Abdallah Bakathir alisafiri kutoka Unguja hadi huko kwenda kupatanisha. Mzee wa zaidi ya miaka 50, katika meli, akienda ncha ya kusini ya bara kuamua suala ambalo wenyewe walishindwa kuliamua kwa sababu kila upande ulikuwa na kitabu chake. Nikiulizwa mfano wa mwanazuoni akifanya kazi ya suluhu, huu ndio ninaoutaja kwanza.

Lakini haikuwa kila mahali hivyo. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, kiongozi wa Kadiriya aliyeifikisha tarika hiyo Unguja katika zama za Barghash, alikuwa na mgogoro na Sayyid Muhammad Abdille Hassan, aliyewaongoza Wasomali kupigana na Waingereza na ambaye tarika yake ya Salihiya iliona kutawasali, yaani kumwomba Mungu kwa kupitia mawalii waliokufa, ni upotofu. Walirushiana mashairi. Mwaka 1909 wafuasi wa Sayyid Muhammad walimvamia Sheikh Uways huko Biyoley na kumuua. Suala la kutawasali lilikuwa likibishaniwa Mombasa na Unguja pia, tena kwa maneno makali, na liliendelea kubishaniwa kwa miongo mingi. Tofauti ya matokeo ndiyo inayonifanya nisikubali kwamba upole ulikuwa katika hewa ya pwani. Sheikh Uways wa Barawa naye alikuwa mtu wa pwani.

Lamu ilikuwa na ugomvi wa aina nyingine. Habib Saleh bin Alawi Jamalil-Leil, sharifu aliyetoka Ngazija, alianza kuwasomesha watu ambao waungwana wa mji hawakuwaona kuwa wa kusomeshwa: waliokuwa watumwa na watoto wao, wagema, wageni wa mtaa wa Langoni. Akawaingiza pia katika maulidi yenye matari na dufu. Wakubwa wa mji walikasirika, na sidhani kila aliyekasirika alikasirishwa na ngoma. Elimu ilikuwa alama ya cheo, na sasa ilikuwa ikigawiwa bure. Wapo wanazuoni waliopinga matari msikitini kwa hoja za kweli za fiqhi, nao wana haki yao. Ila msikiti wa Riyadha ulisimama mwanzoni mwa karne ya 20, ukawa chuo, na wajukuu wa waliokataliwa wakawa walimu. Ukizungumzia wastani wa wanazuoni bila kuuliza nani aliruhusiwa kuketi kwenye jamvi, unakuwa umesimulia nusu ya habari.

Al-Amin Mazrui aliyachota hayo yote, kisha akaenda njia yake. Alisoma kwa Sayyid Ahmad na kwa Sheikh Abdallah, akapokea elimu ya masharifu, lakini macho yake yalikuwa pia Cairo. Alisoma jarida la Al-Manar la Rashid Rida, akavutiwa na mwito wa Muhammad Abduh kwamba Waislamu wamerudi nyuma kwa sababu wameacha kutumia akili, wakashika desturi tu. Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa. Lilikuwa jani la maneno ya Kiswahili, jambo moja kila toleo, fupi kiasi cha kusomwa barazani kabla kahawa haijapoa. Asiyejua kusoma alisomewa. Miaka miwili baadaye likafuata gazeti, Al-Islah, Kiswahili upande mmoja, Kiarabu upande mwingine.

Alichokisema humo kilimpa maadui pande zote. Aliwakemea waliokopa kwa riba ili wafanye harusi za kushindana, na waliogeuza matanga kuwa karamu. Alipiga vita uganga na ngoma za pepo. Alitaka watoto wa Kiislamu wajifunze elimu ya kisasa na ufundi, akatetea masomo ya wasichana, huku akiwacheka vijana waliodhani kuendelea ni kuvaa kama Mzungu. Kwa wazee alikuwa mpenda mambo mapya. Kwa vijana wa mjini alikuwa mzee. Alisimama katikati, na katikati ndipo mawe ya pande zote hutua.

Sheikh Al-Amin hakuwa mpole wa maneno. Aliyaita mambo mengi bidaa, yaani uzushi katika dini, yakiwemo yaliyopendwa na watu wa walimu wake. Wastani wake ulikuwa katika namna ya kushindana: aliandika, akatoa aya na hadithi, akamwacha msomaji apime. Sayyid Ahmad bin Sumait alibaki kuwa mwalimu wake. Hakujenga kundi la kuswali peke yake. Na alipoitwa kuwa kadhi wa Mombasa mwaka 1932, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, aliketi kuwahukumu hao hao aliowakemea gazetini, na kazi hiyo akaifanya mpaka alipofariki mwaka 1947. Makala zake za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kidogo, Uongozi, ambacho bado kinasomeka bila kuhisi kimechakaa.

Kutoka mikononi mwake kamba inakwenda kwa wanafunzi wake wawili, wote waliozaliwa mwaka 1912: Sheikh Muhammad Kasim Mazrui wa Mombasa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja. Wote wawili walipata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, Farsy akimpokea mwenzake mwaka 1968.

Kilichomtia Farsy katika kazi kubwa ya maisha yake kilikuwa tena ubishi. Mwaka 1923 kasisi Godfrey Dale wa Unguja alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili kwa ajili ya wamisionari. Mwaka 1953 Waahmadiya nao wakatoa yao, pamoja na maelezo yaliyobeba itikadi yao. Wengi walichukizwa. Farsy alichukizwa, na aliyoyaandika kuwapinga hayana sukari hata kidogo. Lakini jibu lake la kweli lilikuwa kuketi na kutafsiri, sehemu baada ya sehemu, mpaka Qurani Takatifu ikatoka kamili mwaka 1969, ikachapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Ukitaka kujua hasira ya mwanazuoni inaweza kuzaa nini, beba msahafu huo mkononi uone uzito wake.

Kitabu chake ninachokipenda zaidi ni kidogo na kilitoka mwaka 1972: maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Huyu ni mtu aliyeandika dhidi ya bidaa, aliyekosana na masharifu kadhaa juu ya maulidi na ziara za makaburi, nao wakamjibu. Lakini anapowaandika wazee wao anawataja kwa heshima, nani alisoma kwa nani, nani alipewa ijaza, yaani idhini ya kusomesha, na nani, nani alilala njaa akitafuta elimu. Mwanahistoria Randall Pouwels alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989, na wanahistoria wa vyuo vikuu wamekuwa wakikitegemea tangu hapo. Farsy mwenyewe alikwishafariki Muscat mwaka 1982.

Baada yake mambo yalikwenda kasi. Vijana walirudi kutoka vyuo vya Kiarabu na vyeti, kaseti zikaingia, kisha CD. Somalia ikavunjika. Katika miaka ya 2010 baadhi ya misikiti ya Mombasa ilishikwa na vijana waliowaona wazee kuwa vibaraka wa serikali. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliwapinga waziwazi wale waliowaita vijana kwenye vita vya Somalia. Tarehe 10 Juni 2014 alipigwa risasi Likoni, karibu na nyumbani kwake, akafariki. Wahubiri wa upande wa pili nao walikuwa wakiuawa mitaani katika miaka hiyo, na imani ya watu kwa polisi ilikuwa imeisha.

Sababu zinazotajwa ni nyingi: ardhi, ukosefu wa kazi, mkono mzito wa dola, fedha za nje. Sina ubishi na yoyote. Naongeza moja ambayo haipati nafasi katika ripoti za usalama, nayo ni darsa. Kijana aliyepata dini yake katika CD ya nusu saa amesikia kauli moja, kutoka kwa mtu mmoja, bila kuambiwa kwamba nyingine ipo na aliyeishika alikuwa mcha Mungu. Hajawahi kusimamishwa katikati ya sentensi na kurekebishwa irabu. Darsa za Minhaj bado zipo Unguja, Lamu na Mombasa, baada ya alfajiri au baina ya magharibi na isha, lakini hazina matangazo, zinataka miaka, na sheikh anayesomesha mara nyingi halipwi kitu.